Rufaa ya Mtu Aliyeshinda

Hati ya mahakama ililetwa na tarishi mwenye baiskeli, mchana, mke wangu Kaltumu akiwa anaanika mihogo uani. Tarishi hakuingia. Aliniita kutoka barabarani kwa sauti ya chini, akanipa karatasi kwa mikono miwili, kisha akapanda baiskeli na kwenda zake kabla sijaifungua.

Niliisoma mwenyewe. Kiingereza nilijifunza nikiwa mtu mzima, katika shule ya jioni ya misheni pale Ediofe, nikitoka kuendesha lori la idara ya barabara, vumbi likiwa bado masikioni. Mapadre hawakuniuliza dini yangu. Waliniuliza kama nina penseli.

Hati ilisema kwamba Zéphyrin, Mkongo mwenye duka la vitambaa na sigara mtaani kwetu Oli, amenishitaki. Alidai kiwanja changu, pamoja na nyumba iliyo juu yake, ni mali yake.

Zéphyrin hakuwa mwongo, na hilo ndilo lililofanya jambo liwe gumu. Kiwanja nilikinunua kwa mzee Anguyo kabla ya uhuru, mbele ya mashahidi, nikajenga nyumba ya matofali ya kuchoma, vyumba vinne na jiko la nje. Anguyo akafa, na mashahidi nao wakafa mmoja baada ya mwingine. Ndipo mwanawe, Adriko, akakiuza kiwanja kilekile kwa Zéphyrin, akazinywa zile pesa, akatorokea kwenye mashamba ya miwa kule Busoga. Zéphyrin alikuwa amenunua kwa moyo safi, kama mimi. Mtu wa tatu alikuwa ametukosea sisi wawili, na huyo mtu wa tatu hakuwapo.

Jambo kama hilo linataka wakili. Lakini mwaka huo, sabini na sita, mji wetu, Arua, haukuwa na wakili. Zamani alikuwapo mmoja, Mhindi mwembamba aliyetafuna iliki mchana kutwa. Aliondoka na Wahindi wenzake walipofukuzwa, na ofisi yake sasa iliuza samaki wakavu. Ubao wenye jina lake ulikuwa umelazwa, samaki wanapangwa juu yake. Zéphyrin mwenyewe aliandikiwa madai yake na wakili wa Kampala aliyekuwa akipita tu, naye hakurudi tena.

Jioni ile alikuja mkwe wangu Sule, mume wa binti yetu Medina. Sule alikuwa sajini. Alikula, akanawa mikono, akaiangalia hati bila kuishika.

"Baba, mambo ya korti iko ya watu hawana mtu," alisema. "Wewe iko na mimi."

"Utafanya nini?"

"Nitamsalimia tu huyo Mkongo."

"Usimsalimie."

Akacheka. "Baba, hata salamu imekatazwa?"

"Hii ni kesi ya kiwanja, Sule. Itakwisha kwa njia ya kesi."

Sule alimtazama Kaltumu, kama mtu anayeuliza, mzee amekuwaje? Kaltumu akaondoa sahani.

Nilikuwa na sababu yangu, na sikuweza kumwambia mtu yeyote, hata mke wangu. Nimeendesha lori katika barabara hizi chini ya Waingereza, chini ya serikali ya kwanza ya uhuru, na chini ya hii. Kila mara wakubwa walipobadilika, watu walirudi na kudai walichonyang'anywa, na walianza na nyumba. Watu wangu, Wanubi, walikuwa juu siku hizo, jeshini na kwenye usalama. Nilijua haitakuwa hivyo siku zote. Kwa hiyo nilitaka hukumu: mimi niseme, Zéphyrin aseme, hakimu aandike sababu zake na kuweka muhuri. Mtu wa serikali itakayokuja akiisoma, aone kwamba kesi ilisikilizwa kweli. Lakini kutamka maneno "serikali itakayokuja" siku zile kulitosha kumfanya mtu alale porini, au asiamke tena.

Siku ya kwanza mahakamani nilisimama na Kiingereza changu nilichokipanga wiki nzima. Hakimu, mtu wa makamo, hakuniacha nimalize sentensi ya pili. Hakunitazama pia. Aliitazama kalamu yake, akasema utetezi wa kesi ya ardhi huandikwa kwa utaratibu wake, nitafute wakili, nipewe muda. Zéphyrin alikuwa upande wa pili, kofia mkononi. Tulipotoka tulisalimiana. Bado tulikuwa watu wa kusalimiana.

Niliambiwa mawakili wa Gulu ni nafuu kuliko wa Kampala. Nikajiandaa kwenda.

Hapa inafaa nieleze nilivyovaa. Mwaka uliotangulia nilipasuliwa macho katika hospitali ya misheni, na daktari akanipa miwani myeusi, mikubwa, akaniagiza nisiivue kwenye mwanga maisha yangu yote. Nilivaa suti yangu ya Kaunda, ya kijivu, ambayo Kaltumu huipiga pasi ya mkaa mpaka inakaribia kusimama yenyewe. Na mashavuni nina chale tatu tatu, kama Wanubi wengi wa umri wangu. Nilijitazama kwenye kioo nikaona mtu msomi anayekwenda kumwona msomi mwenzake.

Basi lilijaa, watu wakasimama mpaka mlangoni, lakini kiti cha pembeni yangu hakuna aliyekikalia. Nilimkaribisha mama mmoja mwenye mtoto mgongoni. Akasema anapenda kusimama. Kwenye kizuizi cha Pakwach, askari waliwateremsha abiria wote na kupekua mizigo. Mimi nilipoinuka, mmoja akaniambia, "Hapana, mzee, wewe kaa." Nikasema moyoni kwamba huyu kijana amelelewa vizuri.

Wakili Ojara alikuwa na ofisi ghorofani, juu ya duka lililofungwa. Mtu mrefu, shati jeupe, vitabu ukuta mzima. Nilimsalimu kwa Kiswahili, kwa kuwa Kiacholi sikijui, na Kiingereza nilikuwa nimekiweka akiba kwa mambo ya sheria. Alisimama. Akafunga droo ya meza taratibu.

"Nimekosa nini, afande?"

Nikacheka. Nilidhani ni utani wa mawakili. "Wewe hujakosa. Aliyekosewa ni mimi."

"Na nani, afande?"

Nikamweleza yote, tangu Anguyo mpaka hati. Aliandika kila neno, hata majina ya mashahidi waliokufa. Kalamu ilimponyoka mara kwa mara, na mimi nikainama kumwokotea. Kila nilipoinama alirudi nyuma hatua.

"Malipo yako ni kiasi gani?" nilimuuliza mwishoni. "Mimi ni mstaafu. Niambie ukweli."

"Hakuna malipo."

"Haiwezekani. Kila kazi ina malipo yake."

"Tafadhali, afande. Hakuna malipo. Nitakuja Arua siku ya kesi. Nitakuja mwenyewe."

Alinibebea mfuko wangu mpaka barabarani. Nilirudi nyumbani kichwa juu.

"Nimepata wakili wa bure," nilimwambia Kaltumu. "Msomi kweli. Na adabu yake, sijaona."

"Bure?" Kaltumu alikuwa akitwanga. "Baba Medina, siku hizi hata chumvi hakuna, wewe umepata wakili wa bure?"

"Ameona kesi yangu ina haki."

"Ameona kitu," alisema Kaltumu.

Siku ya kesi Ojara hakuja. Nilimngoja ngazini mpaka jina langu likaitwa. Hakimu akaahirisha, tena bila kunitazama. Karani wa mahakama ndiye aliyenipa habari: wakili wa Gulu amefunga ofisi, amechukua mke na watoto, wanasema amevuka kwenda Kenya. Alikwenda wiki ileile niliyomwona.

"Kwa nini?"

Karani alisoma sakafu. "Wanasema kuna mtu wa usalama alimtembelea ofisini."

Nilimhurumia sana Ojara. Nilikwenda nyumbani nikimhurumia, nikasali nikimhurumia.

Kaltumu ndiye aliyenikumbusha Yakani. Yakani alikuwa Mlugbara, mwenyeji wa Arua, kijana aliyerudi na cheti cha uwakili na kukosa ofisi ya kufanyia kazi, akawa anafundisha kwa mapadre pale Ediofe. Walisema akipata kesi ya mtu mdogo huichukua kwa kuku na maharage. Nilimkuta kwao, nyuma ya kanisa kuu. Mama yake alikuwa kizingitini akichambua mboga. Aliponiona aliinuka akaingia ndani, na mlango ukafungwa kwa komeo.

Yakani alitoka kwa mlango wa nyuma, akazunguka. Alinitazama, kisha akaniletea kiti mwenyewe.

"Mzee Umaru. Wewe uliendesha lori la barabara. Ulitupa lifti tukiwa watoto."

"Ndimi. Nimekuja kutafuta wakili. Nilimpata mmoja Gulu, Ojara, lakini maskini, watu wa usalama wamemtisha."

Yakani alikaa chini, kwenye ngazi. Alijipangusa uso kwa viganja.

"Mzee, mtu wa usalama aliyemtembelea Ojara ni wewe."

Niligeuka nione anamwambia nani.

"Umekwenda kwa Mwacholi," aliendelea, "ambaye ndugu zake wamekwisha kwa mikono ya watu tunaowajua. Umeingia na miwani myeusi, na suti, na chale, unasema Kiswahili, lugha ya askari hapa kwetu. Ulitaka afikiri umefuata nini?"

"Miwani ni ya daktari."

"Mimi najua."

"Basi nitaivua."

"Ukivua utapofuka. Na ukivua, chale zitabaki. Ukizifunika chale kwa kilemba, utafungua kinywa na kutoa Kiswahili cha kambini."

"Kiswahili changu si cha kambini!" Nilipandisha sauti. Nyuma ya mlango kitu kilianguka, sufuria nadhani.

"Najua, mzee," Yakani alisema. "Lakini mama yangu hajui, na yuko ndani ameshika rozari."

Niliwaza kile kiti kitupu ndani ya basi. Niliwaza yule askari wa Pakwach na hakimu na kalamu yake. Heshima yote niliyokuwa nimeipokea kwa mikono miwili, nikidhani ni ya elimu yangu na umri wangu, ilikuwa ya mtu mwingine.

"Basi wewe unanijua," nilimwambia. "Nitetee wewe."

Alitikisa kichwa. "Nikisimama upande wako tukashinda, watu wa hapa watasema Yakani amekula na wanajeshi. Tukishindwa, mkwe wako atakuja kuniuliza kwa nini. Nikisimama upande wa Zéphyrin, atakuja kuniuliza mapema zaidi." Akainuka. "Lakini kwa nini unataka wakili? Sema neno moja kwa Sule, kesi imekwisha."

"Sitaki iishe hivyo."

Alinitazama, na nadhani alielewa, kwa maana alitazama huku na huku kama kuna mtu. "Usimwambie mtu mwingine sababu yako," alisema kwa sauti ndogo. "Na mimi sijaisikia."

Niliporudi Oli duka la Zéphyrin lilikuwa limefungwa. Sule alikuwa ukumbini kwangu, miguu juu ya kiti.

"Umefanya nini?"

"Baba, sijafanya kitu. Nimekwenda dukani, nimenunua sigara, nimekaa kwenye baraza yake nikavuta."

"Ukasema nini?"

"Hata neno. Sigara iko nzuri, Mkongo anajua sigara." Akanyoosha mikono. "Sasa usiku amehama. Mimi nimehamisha? Anaogopa moshi?"

Karani aliniambia kwamba Zéphyrin asipofika kesi itakapoitwa mara ya tatu, itafutwa. Kufutwa hakukunifaa. Kesi iliyofutwa haijaamuliwa. Siku yoyote mtu huweza kuifufua, na siku hiyo mimi nisingekuwa tena baba mkwe wa sajini, ningekuwa Mnubi tu mwenye chale. Nilipata kitu ambacho sijasikia mshitakiwa mwingine akikipata: nilimhitaji mtu aliyenishitaki.

Nikaenda Koboko kwa Medina, aliyekuwa akikaa kwa wazazi wa Sule. Nilimweleza uani, akinikandia unga.

"Mke wake ninamwona sokoni," alisema. "Elise. Anauza mawese. Wenzake wanasema wamejificha Abuku, kwenye shamba la watu, mguu mmoja huku, mguu mmoja Kongo."

"Unipeleke."

"Baba, ukimkuta atakufa kwa woga kabla hujafungua mdomo."

"Ndiyo maana nataka uje. Na usimwambie Sule."

Medina alikung'uta unga mikononi. "Mume hayuko, natoroka na mzee kwenda kumtafuta Mkongo porini. Mama mkwe atasema nini?"

"Sema tunafuata kunde."

"Basi tununue kunde kweli, Baba. Mimi siwezi kusema uongo na kikapu kitupu."

Zéphyrin alikuwa analima. Aliponiona nikija kati ya mistari ya mihogo, jembe lilimtoka mkononi, akakaa chini palepale kwenye udongo. Elise akaja mbio na kusimama mbele yake.

"Nyumba iko yako, mzee," Zéphyrin alisema kabla ya salamu. "Leta karatasi, naweka dole. Mimi niko mutu wa biashara. Sitaki tena."

"Sitaki uniachie."

"Sasa unataka nini?"

"Nataka unishitaki."

Walitazamana. Elise alipiga makofi mara moja. "Huyu muzee, jua imemupata!"

Nilikaa nami chini, suti yangu na yote. Nilimwambia: "Zéphyrin, mimi nasema kiwanja ni changu. Wewe unasema ni chako. Wote tulilipa. Nataka mtu asikilize kwa masikio yake na aamue. Ukishinda, nitahama. Lakini uje useme."

"Nikishinda?" Alicheka kicheko kifupi kisicho na furaha. "Mzee, nikishinda nitalala wapi usiku ule?"

Elise alimwelekeza Medina kidole.

"Huyu ndiye muke wa ule sajini?"

"Ndiye."

"Basi akae pembeni ya bwana yangu. Ndani ya gari, kwa vizuizi, na mule korti mpaka mwisho. Hapo askari hatamugusa. Asipokaa yeye, bwana yangu haendi."

"Sule atasema nimeolewa na Mkongo," alisema Medina.

"Hatamaliza kusema, kesi itakuwa imekwisha," nilimwambia.

Medina alikubali. Siku ya kesi tulitoka Koboko kwa lori la tumbaku, Zéphyrin amebanwa katikati, Medina bega lake la kulia, Elise la kushoto, mimi mbele na dereva. Kwenye kizuizi askari alimtambua Medina, akamsalimia, akainua mti. Zéphyrin alianza hata kupumua. Karibu na Arua alianza kunieleza, kupitia kidirisha, jinsi atakavyomwambia hakimu: siku aliyolipa, nani aliona, Adriko alisema nini. Nami nikamweleza nitakavyomjibu. Tulibishana mpaka mjini, kwa sauti, kama watu wenye kesi ya kweli. Nilifurahi. Niliona mawakili hatukuwahitaji.

Tukaingia. Zéphyrin alikaa kwenye benchi la mdai, na Medina, kama alivyoahidi, akakaa pembeni yake, bega kwa bega. Mimi nikakaa upande wangu.

Hakimu alipoinua macho hakunitazama mimi. Alimtazama Medina. Mji mzima ulimjua mke wa sajini. Akamtazama Zéphyrin, udongo wa Abuku bado kwenye viatu. Nikaona uso wake ukikunjuka, kama mtu ambaye amekwisha kuelewa kila kitu, na ndipo nami nikaelewa anachokiona: mdai ameletwa chini ya ulinzi.

"Mdai una la kusema?" aliuliza, kalamu tayari kwenye karatasi.

Zéphyrin alisimama. Alifungua mdomo. Aliiona ile kalamu ikianza kuandika, akaufunga.

"Mahakama imeridhika," alisema hakimu. "Kiwanja na nyumba ni mali ya mshitakiwa, Umaru."

Nilisimama. "Mheshimiwa, hatujasema kitu."

Mkono wake ulisita. "Kuna kilichopungua, mzee? Niongeze?"

"Sitaki uongeze. Nataka umsikilize huyu mtu."

"Gharama," alisema haraka. "Nimesahau gharama. Mdai atalipa gharama zote za kesi." Akaandika.

"Mheshimiwa, nakuomba..."

"Na mdai anapewa onyo asimsumbue mshitakiwa tena." Akaandika na hilo. Jasho lilikuwa likimtiririka mpaka kwenye kola. Nikaona kwamba kila neno nitakalosema litaangukia kichwa cha Zéphyrin. Nikakaa.

Muhuri uligongwa. Nilipewa nakala yangu: ukurasa mmoja, sababu hazikuandikwa, kwa kuwa hazikuwapo. Serikali yoyote itakayokuja itaisoma karatasi ile na kujua mara moja iliandikwaje. Ilikuwa mbaya kuliko kutokuwa na karatasi.

Nje, Zéphyrin alivaa kofia yake, akaivua tena.

"Sasa naweza kwenda?" aliniuliza.

"Zéphyrin, hukuniona? Nilimwambia akusikilize."

"Nimeona, mzee. Asante. Naweza kwenda?"

"Nenda," nilisema, na nikasikia neno lilivyotoka, kama amri. Waliteremka kuelekea barabara ya Kongo, Elise akimshika mkono. Medina aliniambia anakwenda kumweleza mama yake. Alikuwa analia kidogo, akijifanya ni vumbi.

Mimi nilirudi ndani, kwenye dirisha la karani.

"Kuna jambo nataka kujua," nilisema. "Mtu aliyeshinda kesi, anaweza kukata rufaa?"

Karani alianza kucheka. Aliinua kichwa, akaniona, kicheko kikakatika katikati.

"Ndiyo, afande."

"Usiniite afande. Mimi ni dereva mstaafu. Nauliza sheria. Anaweza au hawezi?"

"Anaweza, afande. Kama unataka. Kama hutaki, hawezi."

"Na atahitaji wakili?"

"Vyovyote utakavyosema."

Nikaona njia imebaki moja tu. Niliivua miwani, ili kijana huyu ayaone macho ya mzee wa kawaida, mekundu, yaliyoshonwa na daktari. Mwanga wa dirishani uliyachoma kama pilipili. Machozi yakaanza kunitiririka juu ya chale, wala sikuweza kuyazuia. Nilimsogelea ili nimwone vizuri, maana bila miwani kila kitu ni ukungu mweupe.

Nilisikia kiti chake kikianguka. Alikuwa amesimama wima, mikono ubavuni.

"Nimekosa nini?" aliuliza.